Samaki wangu wote wa maji chumvi wamekufa usiku mmoja, kamba na konokono wazima kabisa. Nini kimewaua?

#1 Mgeni wa Chumvi
Wakuu habari. Naandika bado siamini. Jana saa 5 usiku nimewaacha samaki wanaogelea vizuri tu, leo saa 12 na nusu asubuhi nawasha taa nakuta kangaja wa bluu kalala ubavu chini, kromisi wawili wamenasa kwenye mdomo wa filta, wa tatu simwoni kabisa, na klaunifishi wangu wawili wako juu wanahema mdomo wazi kama wanaomba kutolewa. Nikiwa bado nashangaa mmoja akageuka tumbo juu, saa 4 mwenzake akamfuata. Kabaki gobi mmoja mdogo yuko mlangoni kwa shimo lake ananitolea macho kama hajui habari za jirani.
Tenki ni lita 200, lina miezi 8, mawe hai (yale yenye bakteria wa kusafisha maji) na mchanga. Nimepima nikapata amonia 0.5, naitraiti 0, naitreti 20, pH 7.8, joto 28, chumvi 1.025. Sasa kinachonichanganya, kamba wangu wa mstari mwekundu, konokono na vikaa vyote viko hai vinatembea. Kitu gani kinaua samaki kinaacha kamba???

#2 Bunju
Pole mkuu. Nimeweka kigoda, ngoja waje wajuzi.

#3 Maji Matulivu
Jibu si umeshaandika mwenyewe, amonia 0.5. Inatakiwa iwe sifuri. Umelisha sana hao, chakula kimeoza, basi.

#4 Pweza Mstaafu
Maji Matulivu taratibu. Mgeni hebu tuambie hiyo amonia umepima saa ngapi, kabla hujatoa maiti au baada? Maana samaki watano wakilala wamekufa kwenye lita 200 zenye joto 28, amonia lazima ipande, hapo inakuwa ni majivu sio moto. Na kwenye pH 7.8 amonia yenye sumu hasa ni kama 3 au 4 kwa 100 ya hiyo unayoiona kwenye kipimo, iliyobaki iko kwenye umbo lisilo na madhara makubwa. Kwenye pH 8.3 ndio inafika kama 10 kwa 100. Kwa hiyo 0.5 kwa pH yako sioni ikifuta tenki zima kwa usiku mmoja.
Mimi hiyo pH yenyewe ndio imenishtua. 7.8 asubuhi maana yake hewa ya ukaa ilijaa kwenye maji, na ukaa ikijaa mara nyingi oksijeni nayo iko chini. Maji ya chumvi yanabeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwenye nyuzi 25 maji baridi yanabeba kama miligramu 8.2 kwa lita, ya bahari kama 6.8 tu, na joto likipanda inazidi kupungua. Usiku mwani nao unavuta badala ya kutoa. Kangaja ni mkubwa na anapenda mkondo, anaanza yeye. Kamba na konokono wanavumilia zaidi. Mimi nasema wamekosa hewa.

#5 Chumvi Kidogo
Naitraiti! Inaziba damu isibebe oksijeni, ndio maana wanahema juu. Rudia kupima.

#6 Pweza Mstaafu
Kwanza kapata 0. Pili hiyo ni habari ya maji baridi mkuu. Kwenye maji chumvi kloraidi imejaa na inaizuia naitraiti isipite kirahisi kwenye matamvua, samaki wa baharini wanahimili kiwango ambacho cha maji baridi angekufa zamani.

#7 Chumvi Kidogo
Sawa mwalimu.

#8 Mama Matumbawe
Pole sana Mgeni, kangaja anauma kumpoteza. Maswali yangu matatu tu. Umeingiza samaki mpya ndani ya wiki mbili zilizopita? Ulimweka karantini? Na siku moja au mbili kabla, kuna aliyekuwa anajificha mwanga, anasimama mbele ya pampu ya mkondo, au amegoma kula?

#9 Mgeni wa Chumvi
Asanteni kwa mwitikio. Nimepima baada ya kutoa maiti, ni kweli. Na Mama, umenishika pabaya. Hao kromisi watatu niliwaleta siku 9 zilizopita na sikuwa na tenki la karantini, niliwaelesha ndani ya mfuko nusu saa nikawamwaga. Kula walikuwa wanakula wote isipokuwa klauni mkubwa juzi jioni alitema, nikadhani ameshiba. Na kangaja ni kweli alikuwa anapenda kukaa mbele ya pampu, ila kangaja si ndio tabia yake?

#10 Mama Matumbawe
Basi mimi nimeshapata jibu langu, velveti. Ni kile kimelea *Amyloodinium ocellatum*, mwanabaiolojia Brown alikieleza mwaka 1931 na mpaka leo kinafagia matenki. Kinaanzia kwenye mashavu kabla hujaona chochote kwenye ngozi, ndio maana unaona samaki msafi kabisa anakufa. Samaki anahema haraka, anakimbia mwanga, anatafuta mkondo kwa sababu mashavu yamejaa. Ukimmulika na tochi kwa pembeni gizani unaona vumbi la dhahabu kama unga uliochekechwa. Na swali lako la kamba ndio linajibiwa hapo, hicho kimelea ni cha samaki, kamba na konokono hakiwahusu. Siku 9 tangu waingie wageni, hesabu inakubali kabisa.

#11 Maji Matulivu
Mbona hajasema madoa meupe? Ugonjwa ungeonekana.

#12 Mama Matumbawe
Madoa meupe kama punje za chumvi hiyo ni ichi, mdudu mwingine. Ichi inatesa muda mrefu, mara chache sana inaua tenki zima usiku mmoja. Soma post vizuri basi.

#13 Fundi Shoti
Habari za jioni. Mmesahau umeme. Mgeni, ukitia kidole kwenye maji unasikia kama anakutekenya mtu? Hita ikipasuka kioo inavujisha umeme majini, mimi nimeshakuta hita tatu za hivyo.

#14 Mgeni wa Chumvi
Fundi umejuaje? Nina kijeraha kidoleni na leo nilipotoa maiti kilichoma, nikadhani ni chumvi.

#15 Fundi Shoti
CHOMOA KILA KITU UKUTANI SASA HIVI. Afu ukague waya moja moja. Usiingize mkono tena kabla hujachomoa, samaki wamekufa yaishe, tusikuandikie na wewe uzi.

#16 Bunju
Uzi wa rambirambi jamani hahaha. Ila kweli mkuu chomoa.

#17 Pweza Mstaafu
Kuchomoa naunga mkono kwa usalama wa binadamu. Ila kwa samaki sio rahisi hivo, samaki anaelea ndani ya maji hajagusa ardhi, ni kama ndege aliyetua kwenye waya. Na umeme ungechaguaje samaki ukaacha kamba kwenye maji hayo hayo?

#18 Fundi Shoti
Ndege kwenye waya sawa, lakini ndege hajatua na pampu mbili na hita miguuni, nyingine ina waya wa ardhi nyingine haina. Umeme unaweza kupita kutoka kifaa kimoja kwenda kingine na samaki yuko katikati. Kamba sijui, muulize kamba.

#19 Mgeni wa Chumvi
Nimerudi. Nimechomoa vyote, hita nzima haina ufa, waya wa pampu moja una mkwaruzo, nimeiweka pembeni na wala siirudishi. Filta na pampu nyingine nimeziwasha. Kidole sijakirudisha majini, mniwie radhi sayansi isubiri.

#20 Mchanga Mweusi
Nimesoma toka juu hakuna aliyeuliza kuhusu mchanga. Mkuu una kina gani cha mchanga na uliugusa lini? Ule wa chini ukiwa mzito bila hewa unatengeneza gesi ya sumu, haidrojeni salfaidi, unakuwa mweusi, ukiufukua unanuka yai bovu. Mimi mwaka juzi nilihamisha jiwe moja tu kubwa jioni, asubuhi nilikuwa na tenki la mawe. Toka hapo jina langu ni hili mnaloliona.

#21 Mgeni wa Chumvi
Jamani mtaniua. Jana mchana NILIHAMISHA jiwe. Kromisi mmoja alikuwa amejificha nyuma nikataka nimwone. Mchanga ni sentimita kama 7, vumbi lilipanda maji yakawa na ukungu kama saa moja. Harufu sikusikia, lakini nilikuwa na mafua.

#22 Bunju
Huyu mkuu kila akiulizwa kosa anasema nalo nililifanya. Ulizeni kama alimwaga sabuni tuone.

#23 Mgeni wa Chumvi
Sabuni hapana!! Sasa Bunju na wewe.

#24 Konokono Mwendapole
Mimi ni msomaji tu humu, leo nimeona nichangie maana yamenikuta. Nilisoma mahali kwamba ukiweka sukari au vodka kidogo kidogo bakteria wanaongezeka wanakula naitreti, na ni kweli watu wanafanya hivo wanafanikiwa, sasa mimi nikaona kidogo kidogo inachelewa nikamimina ya wiki nzima kwa mpigo. Usiku maji yakawa kama maziwa, bakteria walizaana wakavuta oksijeni yote, asubuhi samaki wote chini, konokono wote wamepanda juu kabisa kwenye mstari wa maji, mpaka leo nikiona konokono amepanda juu nakimbilia pampu ya hewa. Mgeni je konokono wako asubuhi walikuwa wapi?

#25 Pweza Mstaafu
Hili swali la Mwendapole ni zuri kuliko yote yaliyoulizwa. Mgeni jibu tafadhali. Na uso wa maji ulikuwa na utando kama mafuta? Na skima, ile mashine ya mapovu ya kutoa uchafu, ilikuwa inafanya kazi?

#26 Mgeni wa Chumvi
Konokono wawili walikuwa juu karibu na mstari, ila hao ni wa usiku kila siku wanapanda. Skima... hapa sasa wakuu. Shemeji yangu alikuja juzi, alilala sebuleni lilipo tenki. Nimempigia simu sasa hivi kumuuliza. Anasema usiku wa kwanza alivumilia, wa pili kelele za mapovu zilimshinda akazima "kale kadude kanachokoroma" kama saa 6 usiku, na alifunga madirisha yote. Asubuhi akakawasha tena kabla sijaamka akidhani amefanya ustaarabu. Alafu akaongezea, mbu walimsumbua akapuliza dawa.

#27 Bunju
SHEMEJIIII!!!

#28 Maji Matulivu
Kesi imeisha. Dawa ya mbu. Fungeni uzi.

#29 Mama Matumbawe
Haijaisha. Dawa nyingi za mbu za kupuliza ni jamii ya pairethroidi. Hizo ni sumu kwa samaki ndio, lakini kwa kamba na kaa ni mbaya zaidi, hao ni ndugu wa wadudu. Ingekuwa dawa, kamba angetangulia yeye. Kamba yuko hai, dawa toa.

#30 Pweza Mstaafu
Kwenye dawa nakubaliana na Mama. Ila kwa mengine yote shemeji kanipa ushindi. Skima inachanganya maji na hewa kwa nguvu, kwenye tenki nyingi ndio mapafu yenyewe. Izime, funga madirisha na binadamu analala humo humo anatoa ukaa usiku kucha, joto 28, ongezea ule mchanga uliofukuliwa ambao nao unakula oksijeni. Hizo pH 7.8 zimetoka hapo hapo.

#31 Mgeni wa Chumvi
Pole kwa kuwachanganya, siku ya pili leo. KAMBA AMEKUFA. Nimemkuta asubuhi kalala nyuma ya jiwe, mweupe, hajitikisi. Mama, sasa dawa ya mbu inarudi?

#32 Maji Matulivu
Nilisema.

#33 Mama Matumbawe
Subiri. Mguse na kijiti. Ni mzito au mwepesi? Macho yapo?

#34 Mgeni wa Chumvi
Ni mwepesi kama karatasi. Ndani hamna kitu, yuko wazi mgongoni.

#35 Mama Matumbawe
Amejivua gamba huyo. Mwenyewe yuko mafichoni ana mwili laini, siku mbili tatu atatoka. Msimguse, na hilo gamba acha.

#36 Bunju
Maji Matulivu fungua uzi wako ulioufunga hahahaha.

#37 Mgeni wa Chumvi
Ni kweli, nimemmulika yuko chini ya jiwe la kushoto anapunga ndevu. Nimepiga kelele mpaka watoto wamekuja.

#38 Mzamiaji Nchi Kavu
Samahani kwa kuchelewa. Una jongoo bahari humo? Mimi wangu aliingia kwenye pampu akakatika, wale wana sumu mwilini inaitwa holothurini, maji yalitoa povu na samaki wakaisha kabla sijamaliza kutafuta ndoo. Kamba walipona.

#39 Mgeni wa Chumvi
Sina jongoo mkuu, asante.

#40 Mzamiaji Nchi Kavu
Usimnunue basi. Au ufunike pampu na sponji.

#41 Chumvi Kidogo
Narudi na langu jingine, msinicheke. Hao kromisi si inawezekana walivuliwa kwa sumu ya sayanaidi? Nasikia wanakufa ghafla baada ya wiki moja mbili bila sababu.

#42 Pweza Mstaafu
Hatucheki, jambo lipo, Ufilipino uvuvi wa sayanaidi kwa samaki wa mapambo umeanza miaka ya 1960. Lakini hapo anakufa samaki aliyevuliwa hivyo, hawaambukizi wenzake. Kangaja na klauni wana miezi yao ndani.

#43 Maji Matulivu
Haya tuseme ni velveti ya Mama. Aweke dawa ya shaba kwenye tenki leo leo aokoe huyo gobi.

#44 Mama Matumbawe
USIWEKE SHABA KWENYE TENKI HILO. Itamaliza kamba, konokono na vikaa vyote, na mawe na mchanga vinainywa, zitakusumbua baadaye ukitaka kufuga hao wadudu tena. Shaba ni ya tenki la pembeni lisilo na mawe wala mchanga, na inapimwa kila siku maana ikipungua haifanyi kazi na ikizidi inaua mgonjwa. Afu ikiwa ni *Brooklynella*, ule ute mweupe unaowapata sana klauni, shaba haisaidii. Mgeni, kabla ya yote ningeomba uangalie mashavu ya maiti. Yakiwa na ute mwingi au rangi imefifia hiyo ni dalili, na mwenye hadubini angemaliza ubishi. Maiti unazo?

#45 Mgeni wa Chumvi
Mwanangu wa mwisho amezizika chini ya maua jana mchana. Amewekea na vijiwe.

#46 Bunju
Chimba.

#47 Mchanga Mweusi
Na jua lote hilo la siku nzima, utaangalia mashavu gani. Hapo ushahidi umeshakuwa mbolea.

#48 Pweza Mstaafu
Mama naomba nikuulize kwa heshima. Kama ni velveti, gobi mbona mzima? Alikaa na wagonjwa maji mamoja siku 9. Kwa oksijeni mimi naweza kumweleza, gobi ni mdogo, hatembei, anakula hewa kidogo.

#49 Mama Matumbawe
Na mimi nikuulize kwa heshima hiyo hiyo. Kama ni oksijeni, mbona klauni wa pili alikufa saa 4 asubuhi, skima imeshawashwa na shemeji, mwanga upo, Mgeni yuko hapo anakoroga maji? Aliyekosa hewa ukimpa hewa anarudi. Mwenye mashavu yaliyoharibika hata umpe hewa yote harudi. Gobi anaweza kuwa amebeba vichache, bado. Na klauni alitema chakula juzi jioni, kabla shemeji hajazima kitu chochote.

#50 Pweza Mstaafu
Aliyekosa hewa saa sita nzima sio wote wanarudi. Ila la kutema chakula sina jibu.

#51 Mchanga Mweusi
Na klauni kufa saa 4 hata salfaidi inaeleza. Naona mnanipita tu kama sipo. Sentimita 7 na mafua puani, yaani hata angekuwa na mayai mabovu kumi humo asingejua.

#52 Mama Matumbawe
Salfaidi ya kuua kangaja wa ukubwa huo ingemwacha kamba siku anayokaribia kujivua gamba? Hapo ndipo anapokuwa dhaifu kuliko siku zote.

#53 Konokono Mwendapole
Inawezekana ni vyote. Mashavu yameshaanza kuliwa na vimelea, samaki anahimili akiwa na hewa ya kutosha, usiku hewa ikapungua yeye ndio wa kwanza kushindwa. Mimi nawaza tu.

#54 Maji Matulivu
Ukisema ni vyote hujasema kitu.

#55 Mgeni wa Chumvi
Siku ya tano leo. Nilichofanya: nimebadilisha maji robo, nimeweka kaboni ya kuchuja maji, pampu ya mkondo mpya nimeielekeza juu uso wa maji utibuke, nimeongeza na jiwe la hewa. Amonia 0 toka juzi. pH nimeanza kupima mara mbili, jioni 8.2, asubuhi dirisha likiwa wazi 8.0. Jana usiku nikafanya jaribio nikafunga dirisha na kuzima skima, leo asubuhi 7.9, na gobi mzima kwenye shimo lake.

#56 Pweza Mstaafu
Samaki mmoja mdogo sio sita wenye kangaja mkuu. Ila nakupongeza kwa kupima. Na usirudie kuzima, huyo gobi ana roho moja.

#57 Chumvi Kidogo
Mkuu maji yakipungua kwa joto unaongeza maji ya chumvi eeh? Nauliza maana mimi ndio naanza.

#58 Konokono Mwendapole
Hapana, yanayoruka hewani ni maji tu, chumvi inabaki. Unaongeza maji matamu yasiyo na klorini. Ukiongeza ya chumvi kila siku itapanda mpaka uvune.

#59 Mama Matumbawe
Mgeni, gobi anakula? Anajikuna?

#60 Mgeni wa Chumvi
Anakula. Kujikuna... leo mchana nimemwona amejisugua kwenye mchanga mara moja. Mara moja tu. Nimekaa saa nzima namwangalia hajarudia. Tochi nimemmulika sioni vumbi, ila hatulii.

#61 Mama Matumbawe
Mara moja.

#62 Pweza Mstaafu
Gobi anaishi mchangani Mama, asijisugue wapi?

#63 Mama Matumbawe
Sijasema kitu mimi. Nimesema mara moja. Mgeni, mhamishie huyo kwenye ndoo au tenki la pembeni lenye hita na hewa umwangalie, na hilo kubwa likae bila samaki hata mmoja. Kwa velveti watu wengi wanakaa wiki 6, wanaoogopa ichi pia wanafika siku 76. Kamba na konokono walishe kama kawaida, bakteria wanaosafisha maji wasife njaa.

#64 Mgeni wa Chumvi
Siku 76 natazama konokono.

#65 Konokono Mwendapole
Kuna ubaya gani.

#66 Fundi Shoti
Ile pampu yenye mkwaruzo umeitupa au umeiweka kabatini "kwa dharura"?

#67 Mgeni wa Chumvi
Nimeitupa Fundi. Sawa, ilikuwa kabatini, sasa hivi nimeitupa. Kromisi wa tatu nimempata leo pia, alikuwa ameruka nyuma ya tenki, amekauka. Kwa hiyo na huyo sijui kama alikufa ndipo akaruka au aliruka akafa.

#68 Bunju
Na shemeji?

#69 Mgeni wa Chumvi
Anarudi Ijumaa. Nimemwandalia chumba cha nyuma.